Kuku na Kanga wa Kuachiwa Uani: Faida Huanzia kwa Kifaranga

Kuku wa kienyeji ndiye mfugo uliosambaa kuliko wote vijijini Afrika Mashariki, na ndiye anayeangaliwa kidogo kuliko wote. Asubuhi mlango wa banda unafunguliwa, kuku wanatoka kujitafutia. Jioni wanarudi wenyewe na mlango unafungwa. Ufugaji huria wa namna hii haudai mtaji mkubwa. Kuku hula mabaki ya jikoni, mbegu za magugu na wadudu ambao bila yeye wasingemfaa mtu, na nyama yake mjini huuzwa kwa bei inayoizidi ile ya broila. Udhaifu mkubwa wa ufugaji huu ni mmoja: vifaranga hufa. Katika kaya nyingi zaidi ya nusu ya vifaranga hawafikishi miezi miwili, na hasara hiyo imezoeleka kiasi kwamba haihesabiwi tena kuwa hasara.

Hesabu yake ni rahisi. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, kisha huatamia siku 21, halafu hulea vifaranga wake wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kurudi kutaga. Mzunguko mzima huchukua karibu miezi minne, kwa hiyo mwaka humpa mitago mitatu au minne na mayai 40 hadi 60. Tetea akiatamia mayai 13, wakatoka vifaranga 10, na watatu tu wakafika umri wa kuuzwa, amefanya kazi ya miezi minne kwa kuku watatu. Wakipona wanane, mavuno ya tetea yuleyule yamezidi mara mbili na nusu bila kununua mbegu mpya wala kupanua banda. Ndiyo maana mfugaji anayetaka kuongeza kuku wake hana haja ya kuanza kwa kutafuta aina bora. Aanze na wiki nane za kwanza za kifaranga.

Hata hivyo, aina zina nafasi yake. Kuku wa asili wa Tanzania si wa sura moja. Kuchi ni mrefu, mwenye shingo ndefu na mifupa mizito, na jogoo wake hukaribia kilo 3. Ching'wekwe ni mdogo, mwenye miguu mifupi. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, hupoteza joto la mwili kwa urahisi na hustahimili jua la pwani na nyanda kame. Chotara kama Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, pamoja na kienyeji walioboreshwa na shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, kule Naivasha, Kenya, hukua haraka na kutaga mayai mengi zaidi. Lakini kwa kiasi kikubwa hawaatamii. Anayewachukua anakuwa mteja wa kudumu wa wenye mashine za kutotolea, tena kuku hao hula zaidi ya kile wanachookota uani. Kwa kaya isiyo na umeme wala fedha ya chakula cha dukani, tetea wa asili anayejua kulalia mayai na kulea ni mali yenye thamani kubwa kuliko mayai ya ziada. Jogoo mmoja hutosha matetea kumi. Jogoo huyo abadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, la sivyo atapanda binti zake na kuku watadumaa.

Kazi ya kuatamisha huanza kabla tetea hajalala. Mayai hukusanywa kila siku, huandikwa tarehe kwa penseli, na huwekwa mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Yai lililopita siku kumi liende jikoni. Ufundi unaolipa zaidi hapa ni kuwalaza matetea kadhaa kwa wakati mmoja. Tetea wa kwanza akianza kuatamia huachiwa mayai mawili matatu yasiyofaa, ili asiondoke kiotani wakati wengine wawili wanasubiriwa. Wakishatimia watatu, mayai ya zamani hutolewa usiku na kila mmoja huwekewa mayai mapya 12 au 13. Siku ya saba, gizani, kila yai humulikwa kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa myembamba kama utando wa buibui. Lisilo na kitu hubaki jeupe tupu na huondolewa. Mayai yanayobaki yakiwa machache, hukusanywa chini ya matetea wawili, na wa tatu huwekewa mengine.

Vifaranga wote wakitoka siku moja, wanaweza kukabidhiwa kwa tetea mmoja mlezi, hata wakifika 25, mradi waunganishwe usiku wa siku ile ile waliyoanguliwa. Matetea waliobaki hupumzishwa mbali, hulishwa vizuri, na baada ya wiki chache huanza kutaga tena. Hata mlezi mwenyewe haipasi aachwe na watoto miezi mitatu. Vifaranga wa wiki nne waliolishwa vizuri huweza kujitegemea, isipokuwa msimu wa baridi kali au mvua. Mama akitengwa mapema hivyo, mzunguko wake hupungua hadi chini ya miezi mitatu, na mitago minne kwa mwaka inakuwa jambo la kawaida.

Wiki nne hizo za mwanzo kifaranga hatakiwi kuzurura. Hapo ndipo desturi ya kumwachia mama aongoze watoto wake shambani kuanzia siku ya kwanza inapogharimu. Umande wa asubuhi huwalowesha, safari ndefu huwachosha, na mwewe huwahesabu mmoja mmoja. Pwani kuna adui mbaya kuliko mwewe, naye ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaenea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Hushuka uani mchana kweupe, mmoja humchokoza tetea huku mwingine akinyakua kifaranga. Dawa yake ni tenga. Tenga la mianzi au fito lililofudikizwa chini, juu yake kipande cha turubai cha kuzuia jua na mvua, huwazuia vifaranga ndani pamoja na mama yao, na huhamishwa kila siku mahali palipo pakavu. Ndani kuna chombo cha maji kilichotiwa kokoto ili kifaranga asizame, na chakula ambacho kuku wakubwa hawawezi kukifikia. Hakuna kifaa cha bei nafuu kuliko hiki kinachookoa vifaranga wengi hivyo, na inasikitisha kuona tenga limegeuzwa kuwa la kubebea kuku wa kuuza tu.

Kuku mkubwa anayezurura hupata sehemu kubwa ya mlo wake mwenyewe. Anachohitaji ni nyongeza ya gramu 30 hadi 50 kwa siku, hasa kiangazi, na maji safi wakati wote. Kifaranga ni tofauti. Anakua kwa kasi ambayo chenga za mahindi peke yake haziwezi kuihimili, na pumba tupu humshibisha bila kumjenga. Chakula chake kiwe na protini isiyopungua asilimia 18. Mchanganyiko wa nyumbani wa kilo 10 unaokaribia au kuvuka kiwango hicho hupatikana kwa kilo 4 za mahindi yaliyoparazwa, kilo 2 za pumba, kilo 2 na nusu za mashudu ya alizeti yaliyochekechwa, na kilo 1 na robo ya dagaa waliosagwa. Robo kilo iliyobaki ni chokaa ya mifugo na unga wa mifupa, chumvi kijiko kimoja cha mezani, na virutubisho vya dukani kwa kipimo cha pakiti. Mikoa kama Singida na Dodoma, inakolimwa alizeti kwa wingi, ina nafasi nzuri ya kuupata kwa gharama ndogo. Dagaa wachunguzwe kwanza, maana waliochanganyika na mchanga hunenepesha mzani tu.

Asiyemudu dagaa ana mchwa. Chungu au ndoo kuukuu hujazwa mabua makavu na kinyesi kikavu cha ng'ombe, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hufudikizwa jioni juu ya njia ya mchwa iliyotifuliwa. Kesho yake au keshokutwa, kabla jua halijawa kali, mchwa huwa wamejaa mle ndani. Humwagwa mbele ya vifaranga na chungu hurudishwa palepale. Majani mabichi ya mchicha na mlonge nayo huongeza vitamini. Kitu kisichofaa kupewa kuku ni mahindi yaliyoota ukungu. Desturi ya kusema mahindi hayo hayafai ugali basi wapewe kuku ni ya hatari, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini la kuku, humdumaza na kupunguza nguvu ya chanjo. Sumu hiyohiyo ndani ya mahindi iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao wa Ukambani.

Kuhusu banda, mengi yameandikwa na machache ndiyo ya lazima. Eneo la mita 2 kwa 3 hutosha kulaza kuku 30 wanaozurura mchana. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisipige ndani, sehemu ya juu ya kuta iwe ya wavu ili hewa ipite, na chini pawekwe maranda au maganda ya mpunga yanayobadilishwa yakilowa. Kuku hulala juu kwa silika, kwa hiyo fito za kulalia ni lazima. Kiota kimoja chenye giza kidogo, sentimita 30 kila upande, hutosha matetea watano. Msingi uwe wa mawe, kwa sababu kicheche na nguchiro huchimba. Pembeni liwekwe boksi la mchanga uliochanganywa na majivu, ambamo kuku hujigaragaza na kupunguza chawa na utitiri.

Yote hayo hufutwa kwa wiki moja ya kideri. Ugonjwa huu, unaojulikana pia kama mdondo, husababishwa na virusi, na jina lake la kimataifa linatokana na mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926. Kuku huzubaa, mabawa hushuka, huhema kwa shida, huharisha kijani, na wanaochelewa kufa hupinda shingo na kupooza miguu. Katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu wote. Hushamiri hasa kiangazi, wakati wa joto na upepo, muda mfupi kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka ambazo mfugaji alizitegemea kwa soko. Hauna dawa. Mwarobaini, shubiri mwitu na pilipili kichaa kwenye maji havijawahi kuuponya, na vidonge vya antibiotiki havigusi virusi. Huacha tu mabaki ya dawa ndani ya mayai yanayoliwa na watoto.

Kinga ipo na ni rahisi. Chanjo ya I-2, iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hivyo haiharibiki haraka ikiwa nje ya jokofu. Tanzania huitengeneza yenyewe Kibaha kwa jina la TEMEVAC. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hutiwa tone moja jichoni. Kichwa hulazwa ubavu, tone huachiwa lidondoke lenyewe, na kuku hashushwi mpaka afumbe na kufumbua jicho; hapo ndipo chanjo imeingia. Kazi hurudiwa kila miezi minne, na ratiba iliyozoeleka ni Januari, Mei na Septemba. Kwa kuwa kinga huchukua wiki mbili hivi kujijenga, kuchanja siku ambayo jirani ameshaanza kuzika kuku ni kuchelewa.

Chupa moja hubeba dozi za mamia ya kuku, na hapo ndipo wengi hukwama: mwenye kuku 15 haoni sababu ya kununua chupa nzima, na chanjo ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Ufumbuzi ni kitongoji kizima kuchanja siku moja kwa kuchangiana. Jambo hilo lina faida zaidi ya kugawana gharama, kwani kuku huria wa nyumba tano hushiriki uwanja mmoja, na nyumba moja isiyochanja huendelea kuutunza ugonjwa kwa niaba ya wote. Kuku mgeni kutoka mnadani atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Anayekufa azikwe au achomwe, asitupwe kichakani wala kupelekwa sokoni kwa haraka, maana milipuko mingi ya kideri husafiri kwa baiskeli na basi ndani ya matenga ya kuku waliouzwa kwa woga.

Magonjwa mengine hudhibitika kwa urahisi zaidi. Ndui, inayotoa vipele kichwani na kuziba macho ya vifaranga, huchanjwa mara moja kwa kutoboa ngozi ya bawa katika umri wa wiki sita hadi nane. Gumboro huchanjwa wiki ya pili na kurudiwa wiki ya nne. Kuhara damu ni ugonjwa wa matandiko yaliyolowa. Dawa yake ipo katika maduka ya mifugo, lakini banda likibaki bichi hurudi. Minyoo hutibiwa kila miezi mitatu.

Tukigeukia kanga, anayefugwa ni mtoto wa kanga wa mwituni, na hajasahau kwao. Kuku asili yake ni misitu ya kusini mashariki mwa Asia, kanga ni ndege wa Afrika hii hii. Hupenda kulala juu ya miti, huruka vizuri, na hustahimili ukame na magonjwa mengi kuliko kuku, ingawa kideri humpata pia na anapaswa kuchanjwa. Huchakura ardhi kidogo kuliko kuku, kwa hiyo hufaa karibu na bustani. Hula wadudu wengi, kupe wakiwemo, lakini kumtegemea achukue nafasi ya josho la ng'ombe ni kumtwisha asichokiweza. Kelele zake hutangaza nyoka, mwizi na mgeni bila kubagua. Mwenye majirani waliobanana afikirie mara mbili.

Kumtofautisha dume na jike kwa macho ni kazi ngumu, japo dume mzima huwa na pembe kubwa zaidi kichwani na nyama pana zaidi kidevuni. Sikio huamua vizuri zaidi. Jike huita kwa mapigo mawili yanayorudiwa. Dume hutoa mlio wa pigo moja tu, mkali na wa mfululizo. Jike akishtuka naye huweza kupiga huo wa pigo moja, kwa hiyo anayechagua asubiri asikie mapigo mawili ndipo ahesabu jike. Dume mmoja hutosha majike wanne au watano.

Kanga hutaga kwa msimu, zaidi wakati wa mvua, na majike kadhaa hushirikiana kiota kimoja kilichofichwa kichakani. Mayai ni madogo kuliko ya kuku wa kisasa, lakini gamba lake ni gumu na hayavunjiki ovyo safarini. Mwenye kuyakusanya huacha matano au sita kiotani, kwani akiyamaliza, majike huhama na kutafuta maficho mapya. Kama mama, kanga hafai sana. Huwapitisha watoto kwenye nyasi zenye umande, na anayebaki nyuma haangaliwi. Kwa hiyo mayai yake huwekwa chini ya tetea wa kuku aliye mtulivu, 15 hivi kwa mara moja. Kosa linalorudiwa sana ni kuyachanganya na mayai ya kuku. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kanga kati ya siku ya 26 na 28. Tetea akishaona watoto wake wametoka huondoka nao, na mayai ya kanga hufia ndani. Anayelazimika kuchanganya atangulize ya kanga wiki nzima.

Vifaranga wa kanga ni dhaifu kwa ubichi kuliko wa kuku. Wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 35, chakula chenye protini ya asilimia 24 hadi 26, na sakafu kavu isiyoteleza, maana miguu yao hutanuka na kulemaa kwenye gazeti au plastiki. Hushtuka haraka na kulundikana pembeni hadi wakakosa hewa, kwa hiyo kona za boksi huzibwa kwa kadibodi ili liwe duara. Jiko la mkaa la kuwapasha joto lisiwekwe kamwe kwenye chumba kisicho na tundu la hewa. Wakivuka wiki sita huwa wamepita hatari kubwa. Wakiwa wakubwa hawakamatwi kwa miguu, kwa kuwa mifupa yao huvunjika. Hushikwa kwa mabawa yote mawili yakiwa yamefumbatwa mwilini.

Kanga walionunuliwa wakiwa wakubwa hufungiwa bandani wiki nne hadi sita kabla ya kuachiwa, la sivyo huondoka siku ya kwanza. Katika muda huo hulishwa kila jioni kwa ishara ileile, kama kutikisa punje ndani ya kopo, mpaka waizoee. Wakiachiwa, sauti hiyo ndiyo itakayowarudisha kabla giza halijawavuta mitini. Waliolelewa na kuku hurudi kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wamejifunza njia ya bandani wakimfuata mama yao wa kambo. Pakiwa na banda moja, vyombo vya chakula viwe vingi na vitawanywe, sababu madume ya kanga huwafukuza majogoo.

Kabla ya yote hayo kuna suala la sheria. Kenya humhesabu kanga kuwa mnyamapori, na anayemfuga huhitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali, kwa hiyo kutega kanga au kuokota mayai yao porini si njia ya kuanzia, tena hupunguza makundi ambayo tayari yamesukumwa mbali na mashamba. Anayetaka kanga aulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake, anunue mayai au vifaranga kwa mfugaji anayetambulika, na kuwapa matetea wake wayaatamie au wawalee. Majike wanne na dume mmoja wanatosha kuanzia.